Nani Alibaki Mwezini

Kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni kwanza. Siku ile sikuwa na homa. Sikuwa nimeonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, wala sikuwa nimelala. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, fundi cherehani wa Nyakahanga ninayejulikana, na jambo hili lilinikuta mchana, mvua ikinyesha, macho yangu yote mawili yakiwa wazi. Nasema hivi kwa sababu nimechoka. Kila nikisimulia, hakosi kutokea mjuaji mmoja wa kuniuliza kama nilikuwa na malaria. Malaria inafuta maandishi kwenye karatasi? Nijibuni basi.

Na niwaambie mapema, kisa hiki hakinitii woga. Kinanitia hasira. Wapo waliokutana na mizimu wakawa hawalali gizani tena mpaka wanakufa. Mimi gizani nalala vizuri tu. Kinachonitoa usingizi ni ghadhabu, na sijui nitaimaliza lini.

Mimi nakusanya vitabu. Si vitabu vyovyote, nakusanya riwaya za zamani za sayansi, zile za roketi na mitambo na watu wa nyota nyingine, na katika hizo nataka chapa ya kwanza tu. Majirani wakanibandika jina la Mama Roketi. Sawa, waniite. Wenzangu waliweka vitenge kwenye masanduku yao, mimi niliweka watu wa chuma wanaochimba visima na wasafiri wanaolala ndani ya mashine wakaamka dunia imebadilika. Wanaume wawili walikuja kunichumbia, wakaona sanduku, wakaaga.

Nikiulizwa kwa nini chapa ya kwanza, damu hunichemka, lakini nitaeleza. Kitabu kikichapwa mara ya pili, kuna mtu hukaa ofisini na kalamu akakata. Pengine karatasi imepanda bei, pengine anaona wasomaji wake hawana akili. Anakata, na hakuna anayemwuliza. Ndivyo walivyokifanya *Wakulima wa Mwezini*.

Hamkijui. Hakuna anayekijua siku hizi, na hilo nalo linaniudhi. Ni kitabu cha watu saba waliopelekwa mwezini kulima. Wanalima kweli, chini ya paa la kioo, mpaka mtambo wa maji unapoharibika na inabidi warudi duniani. Roketi iliyobaki inabeba watu sita. Wanatia punje za mahindi kwenye kopo, moja imepakwa masizi, na atakayeitoa hiyo ndiye anabaki. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitusomea kitabu hicho jioni baada ya jioni tukimenya ndizi. Kikaishia hapo, mkono wa kwanza ukiingia kwenye kopo. Tulipiga kelele, dada yangu akalia. Baba akasema kwamba ile ilikuwa chapa ya pili, na kwamba amesikia chapa ya kwanza ina sura moja zaidi inayosema nani alibaki na alifanya nini baada ya wenzake kuondoka. Alikitafuta maisha yake yote. Alikufa hajui.

Basi nikakitafuta mimi. Sikutaka utajiri wala sifa, nilitaka kujua nani alibaki mwezini.

Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la Mzee Athumani, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Pangani na ambaye hakuacha kutukumbusha. Mzee Athumani alinunua vitabu vikuukuu na magazeti kwa uzito, akavichana kufungia chumvi, karanga na ugoro. Wenye maduka wote walifanya hivyo, mifuko ilikuwa adimu. Mimi na yeye tulikuwa na makubaliano kwamba hachani kitu kabla sijapekua. Kwa miaka aliyaheshimu. Kisha ikafika siku moja ya gulio, katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi kutoka Rwanda wakiwa wamejaa upande wetu na duka likiwa halina nafasi ya kupumulia. Nilikuwa nimetoka kupeleka sare nilizoshona. Niliporudi nikaona jalada chini, karibu na mzani. Roketi ya kijani. Chapa ya pili ina roketi nyekundu, hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni.

Nilimwuliza Mzee Athumani amefanya nini. Akasema mjane mmoja alileta maboksi ya vitabu vya marehemu mumewe, na wateja walikuwa wamesimama. "Ni karatasi tu, mwanangu," akasema, "watu walitaka karanga."

Kama ningefungua mdomo ningemtukana mtu wa umri wa baba yangu. Nikaokota kilichobaki. Mwanzo wote ulikuwepo. Alikuwa ameanza kuchana kutoka nyuma, na sura ya mwisho yote ilikuwa imekwenda.

Hapo ndipo watu wa Nyakahanga walipoamini kwamba nimerukwa na akili. Nilizunguka gulio zima nikikagua vifungashio vya karanga mikononi mwa watu. Muuguzi mmoja alikuwa amekaa nje ya lango la hospitali anatafuna, nikamwomba karatasi, akadhani natania. Nikammiminia karanga zake kwenye mfuko wa sare yake na kuondoka na ukurasa. Mama mmoja nilimfuata mpaka kwake akiwa ameshatia chumvi kwenye kibuyu, karatasi iko tayari karibu na mafiga. Nilimpokonya, nasema kweli, nilimpokonya. Kufikia jua kutua nilikuwa nimepata kurasa zote za sura ya mwisho, zimelowa mafuta, zimekunjamana, ila karatasi moja. Ya mwisho kabisa.

Mzee Athumani, ambaye wakati huo aliona aibu kidogo, akakumbuka. Ile alifungia ugoro wa Bibi Veneranda, mama mzee wa Kibingo aliyekuja hospitali kwa ajili ya mguu wake na ambaye kila akija hupitia ugoro. Nikasema nitakwenda Kibingo. Mzee Athumani akacheka. Kibingo si karibu, siku hizi hata wilaya ni nyingine, iko Kyerwa. Nilikwenda.

Na sikilizeni, kurasa zile za sura ya mwisho sikuwa nimezisoma. Hata mstari mmoja. Nilijizuia kwa nguvu zote. Nilitaka kwanza ziwe kamili, nizishone kwa uzi wangu mwenyewe, nikae kwenye kiti changu nisome moja kwa moja mpaka mwisho. Mtu asiyekusanya vitabu hataelewa, na simlazimishi. Nilizitia zote kwenye mfuko wa nailoni pamoja na sehemu ya mwanzo nikaondoka nazo, kwa kuwa sikuwa tena na imani na mtu yeyote.

Kesho yake nilipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua kahawa, likanishusha upande wa Mabira, nikatembea. Bibi Veneranda nilimkuta kwake, nyumba ndogo katikati ya kibanja, shamba la migomba na kahawa, nyasi mpya zimetandazwa sakafuni. Alikuwa Mnyarwanda wa zamani, si wa wale waliokuja juzi. Yeye na mumewe walikuja wakiwa vijana kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, wakabaki. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akatoa kahawa ya kutafuna, akatia punje moja kinywani mwake kwanza ndipo akanipa, kama inavyotakiwa. Nikamweleza shida yangu. Hakuniuliza karatasi ile ina thamani gani. Akaenda chumbani, akamimina ugoro wake kwenye kikopo, akaniletea. Ilikuwa na doa kubwa la kahawia, lakini maandishi yalisomeka vizuri, na chini kabisa lilikuwepo lile neno lililonifanya nitake kupiga vigelegele, neno *Mwisho*.

Niliaga nikatoka nikiwa sigusi ardhi kwa furaha. Sikuwa nimefika mbali mvua ikashuka. Kandokando ya njia palikuwa na kibanda cha nyasi cha kulindia mahindi, nikaingia mbio nikiwa nimekumbatia mfuko kifuani. Ndani alikuwepo mtu.

Alikuwa mwanaume, kijana bado, amekonda sana, amejifunika blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Nikamsalimu, akaitikia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinyarwanda. Sasa nataka mnielewe, maana hapa ndipo kila mtu hunishangaa. Mwaka mwingine wowote, mtu nisiyemjua, amekaa peke yake kwenye kibanda cha shamba la wengine, na blanketi, ningejiuliza maswali. Mwaka ule nani alijiuliza? Njia zote zilikuwa na wageni. Waliolala vibandani walikuwa wengi, na heshima ilikuwa kutowauliza wametoka wapi wala wamemwacha nani huko. Nikasema moyoni, mkimbizi huyu, maskini. Hakuniuliza habari za nyumbani wala za mvua, na sisi huku salamu huwa ndefu. Hilo nalo nikalisamehe. Mtu aliyepoteza kwao, utamdai salamu ndefu?

Akautazama mfuko wangu. Akasema, "Dada, hicho si *Wakulima wa Mwezini*?"

Mfuko ulikuwa mweusi, hauonyeshi kilichomo. Mngekuwa ninyi mngekimbia, sivyo? Mimi sikukimbia. Tangu baba afe sikuwahi kukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina lile, na huyu amelitamka bila kusita. Nilisahau mfuko, nilisahau mvua. Nikamwuliza amekisoma wapi. Akasema alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kahawa Bukoba, akakinunua huko, chenye roketi ya kijani. Tukazungumza. Alikumbuka mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau: yule mama mtunza mbegu anayezihesabu kila asubuhi, yule mzee anayesalimia dunia kila inapochomoza. Alikuwa anatabasamu anaposema. Nawaambia kweli, nilimpenda kama ndugu.

"Mimi nilifika pale kwenye kopo," akasema. "Kurasa zilizobaki zilitiwa moto."

"Na nani?"

"Na mtu wa nyumbani. Hakujua."

Mnajua jinsi nilivyo. Nilimlaani huyo mtu wa nyumbani pale pale, nikalaani wote wanaochana na kuchoma, nikamlaani na Mzee Athumani. Yeye akainamisha kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha akaniomba nimsomee sura ya mwisho. Nikamwambia achukue asome mwenyewe. Akasema macho yake hayashiki tena maandishi.

Nilisita. Nilitaka kiti changu, nilitaka uzi wangu. Nikamwambia sijaisoma hata mimi. Hakunisihi. Alikaa tu, mikono katikati ya magoti, anatazama chini, kama mgonjwa anayengoja zamu na hajui kama ataitwa. Ningefanyaje? Mtu wa pekee duniani anayetaka kitu kile kile ninachokitaka, naye amekosa zaidi yangu. Nikafungua mfuko. Nikasoma.

Nilisoma kwa sauti sura yote, mvua ikipiga juu ya nyasi. Hilo nalikumbuka. Nakumbuka sauti yangu ilivyokwama mahali fulani nikameza mate. Nakumbuka mahali alipocheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshangazwa, nami nikacheka naye. Nakumbuka karibu na mwisho alijifunika uso kwa blanketi. Nilipofika kwenye karatasi yenye doa nilisoma polepole, sikutaka iishe. Ikaisha.

Akashusha pumzi. "Kumbe ni yeye," akasema. "Asante, dada. Sasa nimepumzika."

Niliinama kuzikunja kurasa nizirudishe kwenye mfuko. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Kibanda kile kilikuwa na mlango mmoja, na mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Nje tope lilikuwa laini, lina alama za miguu ya mtu mmoja, zinaingia, na zilikuwa zangu.

Lakini subirini. Nikatazama kurasa zilizokuwa mkononi. Mafuta ya karanga yalikuwepo. Mikunjo ilikuwepo. Doa la ugoro lilikuwepo. Maandishi hayakuwepo. Nikageuza ukurasa mmoja baada ya mwingine, upande huu na huu, sura nzima ilikuwa nyeupe pee, hata neno *Mwisho* halikuachwa. Sehemu ya mwanzo, ile ambayo hata baba alikuwa nayo, hiyo ilibaki nzima na kila herufi yake.

Nikatoka mvuani. Nilimwita mwizi. Nilimwita kwa sauti ya juu kabisa, njia nzima, nikimfuata mtu ambaye hakuacha hata unyayo. Wakulima waliokuwa wamejikinga chini ya migomba walinitazama tu. Kisha nikajituliza. Nikasema, basi, maandishi yamekwenda, lakini nimesoma, kisa ninacho kichwani. Nikikaa nitakiandika chote upya. Nikakaa juu ya jiwe, nikaanza kukumbuka.

Hakuna kitu. Nakumbuka kicheko, sikumbuki tulicheka nini. Nakumbuka nilimeza mate, sijui nililia nani. Jina la aliyebaki mwezini lilipita kwenye mdomo wangu huu, na halimo. Nimejaribu kwa kulala, kwa kufunga na kuomba, nimejaribu hata kwenda kukaa kwenye kibanda kile mvua ikinyesha. Kichwani mwangu pale palipokuwa na sura ya mwisho pako kama zile karatasi. Alikuja akachukua chote. Mtu niliyempenda kama ndugu alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaondoka amepumzika, mimi akaniacha mvuani.

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bibi Veneranda, nikarudi huko nikiwa nimelowa chepechepe na nimejaa maneno. Nilitaka kujua ni nani huyo anayezurura kwenye mashamba yao na blanketi la kijivu, nimshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Bibi Veneranda alikuwa anachochea moto. Akauliza kwa upole kama blanketi lilikuwa na mstari. Nikasema ndiyo, mwekundu.

"Tulimzika nalo," akasema.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

Aliitwa Kalisti, alikuwa mwanawe wa pekee. Alirudi kutoka Bukoba akiwa na ugonjwa ule ambao miaka ile hatukuutaja jina. Hospitali walifanya walichoweza, kisha akaletwa nyumbani. Hakurudi na mali, alirudi na kitabu. Kila jioni alimsomea mama yake, anasoma Kiswahili kimyakimya kisha anamgeuzia kwa lugha yao, kwa kuwa mama hakujua kusoma na Kiswahili chake wakati huo kilikuwa kidogo. Walifika kwenye kopo. Kalisti akachoka, akakilaza kitabu kifudifudi kitandani ili waendelee kesho. Kulipokucha mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na mgonjwa alitaka uji. Mama akachana karatasi za upande mmoja wa kitabu awashie moto.

"Nilidhani ndizo alizokwisha kuzisoma," Bibi Veneranda akaniambia. "Ningejuaje upande?"

Kalisti hakumgombeza. Alikunywa uji akageukia ukutani. Hakumsomea tena kitu, na hakuishi siku nyingi. Bibi alisema yote haya bila machozi, anasukuma kuni tu. Na mimi, niliyemlaani mtu wa nyumbani mbele ya mwanawe mwenyewe, nilikaa pale nikiuuma ulimi wangu mrefu.

Akaniuliza kama nilimsomea mpaka mwisho kabisa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama alifurahi. Nikamwambia alicheka, na kwamba aliposikia mwisho alisema sasa amepumzika. Hapo ndipo alipojifuta uso kwa ncha ya kanga. Nikaona angalau katika hasara hii kuna mtu mmoja amefaidika, nikajiandaa kuondoka.

Akanishika mkono. "Na nani alibaki?"

Sikuelewa mara moja. Akarudia. Kumbe na yeye alikuwa kwenye kopo lile. Miaka yote ile, akilima, akipika, akizika, alikuwa anangoja kujua nani alitoa punje ya masizi. Aliwajua wote saba kwa majina. Akaniambia yeye moyo wake ulimtaka abaki yule mzee wa kusalimia dunia, maana vijana wana watoto. Ananitazama, anangoja. Na mimi niliyetoka kusoma si muda mrefu, kwa sauti, na macho yangu, sikuwa na jibu la kumpa.

Nilimweleza ukweli. Nikamwonyesha kurasa nyeupe. Akazigusa, akaliona doa lake la ugoro, akazirudisha. "Usinifiche, mwanangu," akasema. "Kama aliyebaki ni mtoto, niambie tu, nitavumilia." Hakuniamini. Aliona namhurumia. Nilimwapia kwa kaburi la baba yangu, akatikisa kichwa taratibu, na nilipoaga hakunisindikiza hadi njiani. Hilo silisamehe. Kalisti alijua mama yake anangoja. Alikuwa kwenye kibanda kile kile cha karibu na nyumbani, angeshindwa nini kumpitia hata kwenye ndoto akamwambia jina moja? Alikuja kwangu akachukua, akamwacha mama yake na njaa ile ile, na mimi akaniacha nionekane mwongo mbele yake.

Tangu hapo niliitafuta chapa ya kwanza kwa kufa na kupona, si kwa ajili ya sanduku langu tena. Niliuliza Bukoba, niliuliza wazee waliostaafu, niliwasumbua mapadri na mashekhe. Nilipata nakala moja tu baada ya miaka, roketi ya kijani, jalada safi, haijachanwa hata kona. Niliifungua papo hapo. Sura ya mwisho ilikuwa nyeupe. Mwenye nayo aliapa kwamba alipoinunua ilikuwa na maandishi, na namwamini, lakini yeye alikuwa hajawahi kuisoma. Wachapaji hawa nao, wangeiacha sura ile kwenye chapa ya pili wangepungukiwa nini? Ingekuwa kwenye nyumba mia, Kalisti asingeweza kuila yote.

Bibi Veneranda aliniita mara moja tu. Ulikuwa msimu wa senene, yeye yuko kwenye mkeka, hanywi uji tena. Nilikwenda nikiwa na ile nakala mpya nimwonyeshe, ajue kwamba sikuwa nimemficha. Hakutaka hata kuitazama. Alinipapasa mkono, akasema nisihangaike tena.

"Nitamwuliza mwenyewe," akasema.

Alifariki kabla sijarudi Nyakahanga. Watu walionikuta njiani nalia walidhani namlilia. Nilimlilia, ndiyo, lakini nisiwadanganye, zaidi nililia kwa hasira. Wote wawili sasa wanajua.

Kwa hiyo nawaonya, na mcheke mkitaka. Ukiwa na kitabu ambacho hakuna mwingine anacho, usikifungie sandukuni ukangoja siku nzuri. Ukikutana na mtu njiani anakuomba umsomee mwisho, msomee, marehemu naye ana haki yake. Ila kwanza toka nje, paza sauti, waite walio hai waje wakae wasikie pamoja naye, hata kama ni wale waliojikinga mvua chini ya migomba. Walikuwa karibu, wangenisikia. Sikuwaita.